Nilivyohesabu Miayo ya Rubani wa Mnyuzi

Vijana wangu wa stendi, acheni nianze na ujinga wangu mwenyewe, ili mkifikia wa kwenu msione haya. Kwa miaka miwili mizima, mimi mtu mzima, mvi kichwani na cheti cha kidato cha nne cha shule ya jioni kimetundikwa ukutani, niliamini kwamba marubani hawalali. Yaani walishalala zamani. Niliambiwa kuwa rubani akimaliza chuo anachomwa sindano, analala mwezi mzima bila kugeuka ubavu, na usingizi ule unakaa mwilini kama mahindi ghalani. Anautumia kidogo kidogo mwaka mzima. Ukikaribia kuisha, anarudi kuchomwa nyingine.

Aliyenipa habari hizo ni kinyozi mmoja wa Korogwe, ambaye binamu yake alikuwa na shemeji aliyewahi kufagia uwanja wa ndege. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Mhando," aliniambia huku wembe uko shingoni kwangu, "unadhani wanavaa miwani nyeusi kwa sababu ya jua? Wanaficha macho. Yamesahau kufumba."

Sikucheka. Niliondoka pale na ndevu upande mmoja, niwahi kuwahadithia wenzangu kijiweni.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, nanyi mnaijua: kuwapeleka watu kazini. Harusi nilikataa, mazishi niliwaachia wengine. Nilianza na trekta kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde, nikivuta trela la wakataji alfajiri, nikamalizia na gari la Noah la kukodi hapa Korogwe. Kilomita zangu ukizinyoosha utaizungusha dunia mara kumi, na itabaki kamba ya kumfungia mbuzi.

Katika watu wote niliowabeba, aliyenipa maswali mengi kuliko majibu ni Zubeda.

Nilimpata kupitia mama yake, Bi Mwanahawa wa Mnyuzi, aliyeteleza shambani akavunjika nyonga. Zubeda ni mtoto wake wa pekee, na alikuwa rubani Dar es Salaam. Si mhudumu wa ndege, jamani, rubani mwenyewe, anayeishika ile ndege na watu wote mle ndani. Tangu mama aanguke, kila akipata siku za mapumziko alikuja Mnyuzi kumwogesha, kumpikia na kumfanyisha mazoezi ya kutembea. Na kwa kuwa anayetua Mnyuzi kwa mabawa ni kunguru peke yake, rubani wetu alikuja na kuondoka kwa gari langu.

"Huyu anarusha ndege," Bi Mwanahawa aliniambia siku ya kwanza, binti yake akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga, machozi yanamtoka kwa moshi, "lakini mpe kuni mbichi uone."

"Mama, kwenye ndege hakuna kuni."

"Ndiyo maana huko juu wanawapa watu biskuti."

Ndege za kampuni yake, mbele kuna viti viwili. Cha kulia anakaa rubani msaidizi, cha kushoto kapteni. Zubeda alikuwa amekaa kulia miaka mingi. Alichokitaka duniani kilikuwa mama yake atembee, na yeye ahamie kushoto. Mnyuzi nzima ilijua hivyo, hata watoto walikuwa wakimpigia saluti kwa mkono wa kushoto.

Sasa sikilizeni ufundi kidogo, maana nyie wa siku hizi mnajua kuongeza spika kuliko kumkalisha abiria.

Safari ya asubuhi kwenda Dar, abiria wako mkalishe nyuma yako, upande wa kulia. Ukishaingia Segera ukaelekea kusini, jua linakuja kushoto mpaka karibu na Chalinze, na aliyekaa upande huo atafika ameiva kama muhogo wa kuchoma. Breki usiikanyage, ibembeleze. Mwalimu wangu, Mzee Issa, ambaye babu yake alikuja kutoka kusini kukata mkonge, alikuwa anaweka glasi ya chai mbele ya usukani, imejaa mpaka ukingoni. Ikimwagika, hapati chai yule aliyeendesha. Mwezi wangu wa kwanza sikuonja chai hata tone. Na kwenye vibao vya hamsini nenda hamsini kweli, kwa sababu ukikimbia utakutana na tochi ya trafiki ya kupimia mwendo, utakanyaga breki kwa hofu, na abiria atapiga paji la uso kwenye kiti.

Hayo yote Mzee Issa alinifundisha vizuri. Moja tu alinifundisha nami nikalielewa kinyume. Alisema, "Abiria akinyamaza, dereva naye atasinzia. Kwa hiyo ongea. Huna la kusema? Ongea hivyohivyo." Yeye alikuwa akisema habari za lori la usiku na utingo wake. Mimi nililichukua kama aya, nikalitumia kwa kila kiumbe aliyeingia garini.

Kwa hiyo Zubeda alikuwa akiegemeza kichwa kwenye kioo na kufumba macho, nami, nikijua usingizi wake uko ghalani, nilidhani anatafakari mambo ya anga. Nikapandisha sauti ili nimsaidie.

"Zubeda, hebu niambie. Wingu likiwa mbele yenu, mnalikwepa kushoto au kulia?"

"Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Inategemea wingu."

"Na wingu lenyewe linategemea nini?"

Hapo mtandio ulikuwa umeshavutwa mpaka puani.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Kama usingizi wake uko ghalani, mbona anapiga miayo? Nilimwona kwenye kioo cha ndani. Mwayo mmoja Mkata, miwili mbele kidogo, na tukifika Chalinze anafungua kinywa mpaka naona kiamsha kinywa. Kumuuliza waziwazi niliona haya. Mzee kama mimi naanzaje kumuuliza binti wa watu habari za sindano? Lakini shule ya jioni ilinifundisha kwamba ukiona kitu kinakusumbua, kihesabu.

Nikaweka vikombe viwili vya bati kando ya giya. Kimoja nikakijaza punje za mahindi. Kila akipiga mwayo, punje moja inahama kikombe. Tukifika na gari likishasimama, naziandika daftarini.

Tulikuwa na safari za aina mbili. Kuna siku tuliondoka Mnyuzi mapema, analala kwenye chumba chake Dar, nami nalala kwa mdogo wangu, kesho yake namfuata na kumpeleka uwanjani. Na kuna siku mama alikuwa na hali ngumu, hawezi kumwacha mapema, tunatoka Mnyuzi moja kwa moja hadi uwanjani na jioni anaruka. Mimi nilihesabu kipande kilekile cha mwisho, cha ndani ya jiji, ili mtu asije akanilaumu kwamba nimependelea barabara.

Siku akitokea chumbani kwake, punje mbili, tatu. Siku akitokea Mnyuzi, mahindi yalikwisha kikombeni nikaendelea na karanga.

Nikashangaa. Nikafikiri labda anaambukizwa na mimi, kwa sababu mwayo unaambukiza kuliko surua. Basi nikabana ya kwangu. Jaribuni kubana mwayo kutoka Chalinze hadi Dar, mtajua kwa nini trafiki mmoja alinisimamisha akaniuliza kama nimefiwa, kwa jinsi machozi yalivyokuwa yananitiririka. Miayo ya Zubeda haikupungua. Nikafikiri ni njaa, nikamnunulia mahindi ya kuchoma Mkata. Alikula, akashukuru, akapiga mwayo. Nikafikia hitimisho la kisayansi: ghala limevuja. Wamchome nyingine.

Siku moja nikajaribu kuzunguka mbuyu, kama mnavyosema.

"Zubeda, kazi yenu inaanza kuhesabiwa saa ngapi?"

"Nikishasaini pale uwanjani, mzee. Kuanzia hapo wanahesabu saa zangu, na zikijaa siruhusiwi kuruka tena mpaka nipumzike."

"Na Segera?"

"Segera haimo."

"Na Mkata, na daraja la Wami?"

"Havimo."

"Na wale trafiki watatu wenye tochi?"

Alicheka. "Hiyo ni njia yangu ya kwenda kazini, mzee. Kila mtu ana njia yake ya kwenda kazini. Kampuni inataka nifike nikiwa nimepumzika. Nimepumzikaje, hilo ni langu mwenyewe. Na kama sikupumzika, natakiwa niseme."

"Na huwa mnasema?"

"Tunatakiwa kusema," alirudia.

Nililifikiria jibu hilo wiki nzima. Sikulielewa, na nitawaambia kwa nini, maana kosa hili ni letu sisi watu wa mkonge.

Enzi za trekta, nilikuwa nachukua wakataji kwenye kambi mbili. Moja ilikuwa jirani na shamba, nyingine mbali, mwendo wa saa na nusu kwenye mashimo. Wale wa mbali, ikifika saa nne, mafungu yao yalikuwa machache daima. Mnyapara akawaita wavivu. Mmoja wao, bwana mmoja mrefu ambaye wazazi wake walitoka Njombe, akamjibu:

"Bwana mnyapara, trela nayo ni kazi."

"Kazi gani? Umekaa! Umebebwa kama bwana harusi!"

Shamba zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu trela lilikuwa langu. Kwetu sisi, kazi ni kusimama na kisu mkononi, miba inakuchoma magoti. Aliyekaa amepumzika. Mtu anayekuambia kwamba amechoka kwa kukaa, unamwangalia kama anayedai amelewa kwa kunywa maji. Nilikua hivyo, nikazeeka hivyo, na nilimbeba Zubeda hivyo.

Basi ikaja siku ya mtihani wa kiti cha kushoto. Walimpangia aruke na mkaguzi mchana, akae kushoto na mkaguzi amtazame kila kitu, tangu kuwasha hadi kutua. Saa nane awe amesharipoti. Akifaulu ni kapteni. Mpango wetu ulikuwa tuondoke Mnyuzi siku iliyotangulia, alale Dar kama mtu.

Siku hiyo iliyotangulia, Bi Mwanahawa akapandisha homa. Zubeda akampeleka zahanati, akarudi naye, akakaa kando ya kitanda akibadilisha kitambaa cha maji. Homa ilishuka karibu na alfajiri. Nilipofika nilimkuta bibi ameketi, anakunywa uji, mkali kama kawaida.

"Mbona mko hapa bado? Mnangoja ndege ije kuwafuata?"

"Mama, nikuache hivi?"

"Jirani yupo. Nenda. Mimi nataka kusema mwanangu kapteni kabla sijafa, na kufa sifi leo, nina uji."

Tukaondoka. "Umelala, Zubeda?" nikamuuliza, kwa adabu tu.

"Kidogo, mzee."

"Usijali. Saa tano tuko Dar. Sijawahi kumchelewesha mtu kazini tangu enzi za trekta."

Na ningefika saa tano, Mungu ni shahidi, isingekuwa Mkata. Lori la machungwa lilikuwa limelala katikati ya barabara, limeziba kila upande, na machungwa yamejaa lami mpaka ungedhani yamepandwa pale. Foleni ya magari ilikuwa ndefu, nikitaka kutia chumvi nitasema ilifika Segera, lakini haikufika. Tulikaa pale saa mbili na zaidi. Mimi nilizunguka, nikagombana na dereva wa lori, nikapatana naye, nikaokota machungwa, nikaangalia saa, nikagombana tena. Zubeda alikaa kwenye kiti, mgongo wima, akipitia makaratasi yake ya mtihani. Ukurasa aliokuwa nao nilipoondoka ndio niliomkuta nao niliporudi.

Winchi ilipolivuta lori, nilikuwa wa nne kupita. Nikapiga hesabu: tutafika saa saba na robo.

"Tumewahi!" nikapiga kelele. "Kapteni Zubeda, tumewahi, na dakika za kunywa chai zipo!"

Alitabasamu. Nami kwa furaha nikaanza kumpigia hadithi, ili afike amechangamka. Nikamwambia jinsi mwaka fulani nilivyotoka Dar nikiwa peke yangu, nikashtuka niko Segera, na Mkata yote sikumbuki kuipita. Soko, matuta, kibao cha hamsini, hakuna hata kimoja kilichobaki kichwani.

"Macho yangu yalikuwa wazi kabisa!" nikamwambia. "Gari limeijua njia lenyewe, nikakaa kama abiria! Huo ndio udereva, mwanangu."

Hakucheka. Aliuliza, "Mzee, Segera tumepita saa ngapi?"

"Saa moja kasoro."

"Tulisimama?"

"Tuliachaje kusimama! Ulishuka, ukanunua maji. Yule mama muuzaji ukamwamkia, akakuuliza mama yako anaendeleaje, ukamjibu."

Kwenye kioo nilimwona ameshika ile chupa ya maji, anaitazama kama imeokotwa.

"Sikumbuki," akasema. "Mzee, simamisha gari."

Nilidhani anataka kutapika. Nikaegesha pembeni, akashuka, akapiga simu kazini kwake akiwa amesimama kwenye majani. Mtandao ulikuwa dhaifu, akaweka sauti nje, kwa hiyo nilisikia yote.

"Siwezi kuruka leo," alisema. "Nimechoka. Nasema sasa hivi ili mpate muda wa kumwita mtu mwingine."

Upande wa pili alikuwa bwana anayepanga safari zao. Akasema, bila ukali, "Zubeda, mkaguzi ametoka mbali kwa ajili yako."

"Najua."

"Sijui nitampata lini tena. Unalijua hilo pia?"

"Nalijua."

"Haya. Nitaandika hivyo."

Vijana, mimi nilikuwa nimeshatoka garini napunga mikono kama mtu anayefukuza nyani shambani. Alipokata simu nikamwangukia. Nikamwambia kuna kahawa chungu mbele, nitamnunulia birika zima. Nikamwambia anawe maji baridi, atafune kitunguu, Mzee Issa alivuka nchi hii kwa kitunguu. Nikamwambia ampigie yule bwana, aseme ilikuwa utani, bado tunawahi.

"Kuwahi tunawahi, mzee," alisema. "Sikuwa na wasiwasi na kuwahi."

"Lakini umekaa tu! Tangu Mnyuzi hujashika hata jembe! Miaka yote hiyo unakitafuta kile kiti, unakiacha hapa njiani, na gari limewaka?"

Machozi yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Kwamba alikuja kupangiwa siku nyingine, baada ya kungoja miezi, na kwamba leo anakaa kushoto, hayo mnayajua. Lakini pale, mbele ya Mkata, hakuna aliyeyajua, na yeye alikuwa amekiachia kiti hicho kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Mimi nikachuchumaa mbele yake, nikamenya chungwa, nikampa. Ndipo nikaona sasa kuona haya hakuna maana tena.

"Zubeda," nikasema kwa sauti ya chini, "kama sindano imeisha nguvu, si wakuchome nyingine leo, ukafanye mtihani kesho?"

"Sindano gani?"

Nikamweleza yote. Mwezi mzima wa kulala, ghala, miwani nyeusi, shemeji wa binamu wa kinyozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, chungwa mkononi, bila kunikatiza.

"Mzee Mhando," akasema, "hakuna sindano. Nilisema nimelala kidogo, lakini niko macho tangu jana asubuhi, na humu garini nimekaa tu, sikulala. Nimechoka kama anavyochoka mtu yeyote, na aliyechoka hivi asirushe ndege."